Je, Ni Ziwa Lililoyapanga Mawe ya Kit Mikayi? Mjadala kuhusu miamba ya Nyanza na Magharibi, pamoja na visa vyake

Mwanaziwa, Kisumu (mwanzisha uzi)

Kuna maelezo ambayo mkazi wa Kisumu hawezi kuyakwepa: kwamba hapo kale Ziwa Victoria lilienea mpaka Seme, magharibi mwa mji, mawimbi yake yakayapiga mawe ya Kit Mikayi hadi yakaviringika, kisha maji yakarudi nyuma na kuyaacha yamebebana jinsi tunavyoyaona leo. Baadhi ya waongozaji wa wageni huyasimulia, wengine huyaandika chini ya picha mitandaoni, na hata watu waliosoma jiografia hadi kidato cha nne huyarudia bila kusita. Nafungua uzi huu kuyapinga, kwa sababu yanafunika historia ya mawe hayo iliyo ndefu na ya ajabu zaidi, na kwa sababu yanatufanya tusiutazame ufuo wenyewe wa ziwa, ambako mawimbi yanafanya kazi yake kila siku.

Kwa wasiopafahamu mahali hapo, Kit Mikayi iko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Bondo, kiasi cha kilomita 29 kutoka mjini. Ni rundo la mawe makubwa ya granaiti yaliyopandana, na ukiyatazama kwa mbali unaweza kuapa kwamba yupo aliyeyainua na kuyaweka moja juu ya jingine. Kati yake mna nyufa pana ambazo mtu anaweza kupita, na mna pango ambamo watu huingia kusali. Waumini wa Legio Maria, kanisa lililozaliwa humu humu magharibi mwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960, ni miongoni mwa wanaofika hapo mara kwa mara.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mzee Ngeso, ambaye alilipenda jiwe hilo kiasi kwamba kila asubuhi aliondoka nyumbani, akaingia pangoni na kushinda humo mchana kutwa, na mkewe akalazimika kumpelekea chakula huko huko. Watu walipomuuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu kwamba ameenda kwa mikayi, yaani mke wa kwanza. Nakipenda kisa hiki kwa sababu ya kejeli yake: mke aliyechoka kubeba chakula hadi mwambani analipandisha jiwe cheo likawa mke mwenzake, tena mkubwa wake, na jina Kit Mikayi, yaani jiwe la mke wa kwanza, likaganda. Wengine husimulia kwamba mawe yenyewe ni boma la Mjaluo mwenye wake wengi, la katikati likiwa nyumba ya mikayi, la kulia la nyachira, mke wa pili, la kushoto la reru, mke wa tatu, na jiwe lililojitenga mbele likiwa simba, nyumba ya mwana wa kwanza wa kiume. Anayejua mpangilio wa boma la Kijaluo ataona kwamba hesabu hiyo haikufanywa ovyo.

Sasa nirudi kwa mawimbi. Uso wa Ziwa Victoria uko kiasi cha mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mawe ya namna hii hii, yaliyoviringika na kupandana, yametapakaa kuanzia Kisian, yakapitia Maseno na Luanda, yakapanda Bunyore mpaka vilima vya Maragoli, ambavyo vinazidi mita 1,500. Ikiwa ni mawimbi yaliyoyaviringa mawe ya Seme, ni mawimbi gani basi yaliyoyaviringa ya Maragoli? Ziwa lingelazimika kuinuka zaidi ya mita 300, na hapo pasingebaki nchi kavu ya kusimulia habari hizo, kuanzia nyanda za Kano, mashariki mwa Kisumu, hadi Kampala.

Kilichotokea kilianza mbali zaidi. Granaiti hii iliganda chini sana ardhini zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, ilhali ziwa lenyewe hukadiriwa kuwa na umri wa miaka 400,000 hivi. Mwamba ulipopoa, na baadaye mzigo wa miamba iliyoufunika ulipoondolewa na mmomonyoko, ulipasuka kwa nyufa za wima na za mlalo, ukagawanyika kuwa mapande ya pembe nne ungali chini ya udongo. Maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo, na kwa kuwa maji hayo hubeba asidi kidogo kutoka hewani na katika majani yanayooza, yakaanza kuyageuza madini ya feldspa kuwa udongo wa mfinyanzi, huku chembe za kwatsi zikibaki mchanga. Uso wa pande hushambuliwa kutoka upande mmoja, ukingo kutoka pande mbili, na pembe kutoka pande tatu. Kwa hiyo pembe ndizo huisha kwanza, kama kipande cha sabuni ya mche kinavyopoteza pembe zake mikononi mwa mfuaji. Pande huviringika likiwa bado limezikwa. Baadaye mvua huuosha ule udongo uliooza na kuupeleka mabondeni, na mawe yakabaki wazi, yamekaliana mahali pale pale yalipokuwa yameshonana tangu mwanzo. Jiwe la juu halikupandishwa na yeyote. Lilikuwa juu tangu awali, na kilichoondoka ni kile kilichokuwa kando na katikati.

Mawimbi, kwa upande wao, huacha alama inayotambulika. Mahali yanapopiga kwa muda mrefu hukata shina la mwamba kwa mlalo, katika kimo kimoja kuuzunguka wote. Aliyewahi kufika Watamu ameviona visiwa vidogo vya matumbawe ambavyo shina limeliwa likawa jembamba na sehemu ya juu ikabaki pana, kwa sababu huko bahari hujaa na kupwa, na wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti hupita mita 3. Mkato wa namna hiyo sikuuona Kit Mikayi, ingawa niliutafuta nikiyazunguka mawe yote.

Ningependa kuwasikia wanaoishi karibu na miamba mingine yenye visa, iwe ufuoni au bara. Mnasimuliwa nini, na mwamba wenyewe unaonyesha nini?

Mwalimu wa Maseno

Mwanaziwa, nakuunga mkono katika jambo kuu, lakini usilifukuze ziwa katika mjadala huu. Wanaosema kwamba zamani maji yalikuwa juu zaidi hawakuota. Wanajiolojia wametambua fuo za kale kulizunguka Ziwa Victoria katika vimo vya takriban mita 3, 12 na 18 juu ya kiwango cha sasa, na mtu mwenye jicho zuri anaweza kuona mahali ambapo changarawe ya ufuoni imekaa mbali na maji. Ila mita 18 hazifiki Kit Mikayi, wala hazikaribii.

Kinyume chake ni cha kustaajabisha zaidi, na huwa nawaambia wanafunzi wangu wakifikirie kwa makini: yapata miaka 15,000 iliyopita ziwa hili lilikuwa limekauka, pakawa mbuga. Lina kina cha kiasi cha mita 80 tu katika sehemu yake ya chini kabisa, kwa hiyo halikuhitaji ukame wa kupindukia ili litoweke. Wakati huo Rusinga na Mfangano havikuwa visiwa bali vilima, na mtu angeweza kutembea kwa miguu kutoka kimoja hadi kingine. Kisha tukumbuke mwaka 2020, ambapo maji yalipanda yakaingia katika nyumba, mashamba na hoteli za fuo nyingi za Kisumu na Homa Bay. Watu wanaoishi kando ya ziwa la tabia hiyo hawawezi kulaumiwa wakisema kwamba lilifika Seme.

Mkazi wa Mwanza

Salamu kutoka upande wa kusini wa ziwa hilo hilo. Hapa kwetu mawe ya granaiti yamesimama ndani ya maji kabisa, na ninyi wa Kisumu mkija mtaona kwamba mjadala wenu unahitaji sura ya pili. Jiwe la Bismarck, ambalo Wajerumani walilipa jina la Kansela wao na ambalo limekuwa nembo ya mji, liko majini karibu na kivuko cha Kamanga. Limekaa juu ya mawe mengine kwa namna ambayo mgeni huuliza kila mara kwa nini halianguki.

Kwa maoni yangu, kuviringika kwake kulitokea ardhini, kama alivyoeleza mwanzisha uzi. Lakini ni nani aliyeuondoa udongo uliolizunguka, ikiwa si ziwa? Bara kazi hiyo hufanywa na mvua na vijito. Ufuoni hufanywa na mawimbi, tena kwa kasi. Kila msimu wa upepo mkali tunaona mchanga ukihamishwa kutoka kati ya mawe, na jiwe dogo ambalo mwaka uliopita lilikuwa limefukiwa linatokeza mgongo. Ukikaribia kwa mtumbwi utaona pia mstari wa rangi unaoonyesha maji yalifika wapi, na juu ya mstari huo weupe wa kinyesi cha mnandi, ambao wageni wengi hudhani ni aina nyingine ya jiwe.

Mwanaziwa

Ndugu wa Mwanza, hoja yako inanisaidia kutenganisha mambo mawili ambayo katika mazungumzo ya kawaida huchanganywa: kuchonga na kufukua. Mwanza, ziwa limefukua. Seme, mvua imefukua. Kuchonga kulifanyika gizani kotekote, na maji yaliyochonga yalikuwa ya mvua iliyonywea ardhini, si ya ziwa. Mwongozaji akiwaeleza wageni hivyo hatapoteza chochote katika simulizi lake. Naona hata wataondoka na mshangao mkubwa zaidi.

Binti Isukha, Kakamega

Mulembe. Nimekulia si mbali na Jiwe Linalolia la Ilesi, ambalo liko kando ya barabara kuu ya Kakamega kwenda Kisumu na ambalo abiria wa matatu hulitazama dirishani bila kushuka. Ni nguzo ya mwamba yenye urefu wa kiasi cha mita 40, na juu yake limekaa jiwe linaloonekana kuwa kichwa kilichoinama. Maji hutiririka usoni kupitia mfereji uliochimbika kwenye mwamba, na yanasifika kwa kutokauka hata wakati wa kiangazi.

Kisa kinachosimuliwa sana ni cha msichana aliyempenda mtu ambaye babake hakumtaka, akalia hadi akageuka jiwe, na machozi yakaendelea. Kuhusu maji yenyewe sioni fumbo kubwa. Eneo la msitu wa Kakamega hupata mvua ya kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka, na mwamba wenye nyufa huyahifadhi maji na kuyaachilia polepole, kwa hiyo hilo jiwe linaweza kulia siku nyingi baada ya mawingu kuondoka. Mfereji nao umechimbwa na hayo hayo maji, na kadiri unavyozidi kuchimbika ndivyo yanavyozidi kuufuata.

Ninalotaka kuuliza ni jingine. Mbona kila jiwe katika visa hivi ni mwanamke, au linamgharimu mwanamke? Ilesi ni binti anayelia. Seme ni mke anayebeba chakula ilhali mume amekaa kivulini siku nzima, na sisi tunaambiwa tumhurumie mzee kwa mapenzi yake ya ajabu. Mwanaziwa amesifu kejeli ya yule mama, nami nakubali, lakini nadhani kuna malalamiko ya kweli ndani ya kejeli hiyo, na msimulizi akiyaruka anakuwa amesimulia nusu.

Jakano

Binti yangu, umeuliza swali ambalo sisi wazee tulipaswa kuulizwa mapema zaidi. Nikujibu kwa kisa cha kwetu Kano, ambako jiwe ni mwanamume, ingawa sijui kama kitakuridhisha.

Luanda Magere alikuwa shujaa ambaye mwili wake ulikuwa jiwe; mikuki ya Wanandi, ambao sisi huwaita Lang'o, ilimgonga ikapinda. Walipoona hawamwezi vitani walimpa binti mzuri awe mke wake, na mke wa kwanza akamwonya asimkubali, naye hakusikia. Siku moja akaugua, akamwambia yule binti amchanje dawa, si mwilini bali kivulini. Binti alipochanja kivuli, damu ikatoka. Usiku ule ule akatoroka kwenda kwao na siri hiyo, na vita vilivyofuata vikaelekezwa kwenye kivuli. Mkuki ukakipata, Luanda akaanguka, akageuka jiwe. Wawindaji walikuwa wakinoa mikuki yao kwenye jiwe hilo wakiamini kwamba watarudi na nyama.

Najua utasema kwamba hata hapa mwanamke ndiye amebebeshwa lawama, na utakuwa umesema kweli. Lakini tazama pia kwamba wa kwanza, mikayi, ndiye aliyekuwa na akili kuliko nyumba nzima. Tena kuna Simbi Nyaima, lile ziwa dogo la kreta karibu na Kendu Bay, ambako bibi kizee aliyelowa mvua aliomba pa kujisitiri katika kijiji kilichokuwa na sherehe, akafukuzwa na wote isipokuwa mama mmoja. Bibi alimwonya mama huyo aondoke na watu wake, kisha maji yakakimeza kijiji na ngoma zake. Huko hakuna mwanamke anayelia.

Binti Isukha, Kakamega

Asante, mzee. Simbi naikubali bila masharti. Kuhusu Luanda Magere, nitabaki na mikayi.

Mpanda Miamba, Nakuru

Nawashukuru kwa uzi huu. Hapa Nakuru tunao Mnara wa Fischer, katika Mbuga ya Hell's Gate kule Naivasha, uliopewa jina la mpelelezi Mjerumani Gustav Fischer aliyefika huko mwaka 1883. Wamasai husimulia kwamba ni binti wa chifu aliyekuwa njiani kwenda kuolewa, akageuka kutazama kwao kwa mara ya mwisho ilhali ilikuwa mwiko, akawa jiwe. Dada wa Kakamega amwongeze katika orodha yake.

Mwamba huu si granaiti, na historia yake ni fupi mno ukiulinganisha na wenu. Ni lava nzito iliyoganda ndani ya njia yake ya kutokea. Mawe laini yaliyoizunguka yakamomonyoka, ikabaki imesimama peke yake. Kuta zilizo karibu zimepasuka kuwa nguzo za wima, kwa sababu lava inapopoa husinyaa na kupasuka kwa utaratibu, mara nyingi kwa pande sita au tano. Utaratibu huo ndio uliozaa ufuo mmoja maarufu sana duniani, Giant's Causeway katika Ireland Kaskazini, wenye nguzo za basalti zipatazo 40,000 zinazoshuka hadi baharini. Watu wa huko husema kwamba ni barabara iliyojengwa na jitu liitwalo Finn McCool ili livuke kwenda Scotland kupigana na jitu jenzake, na ushahidi wao ni kwamba nguzo za namna hiyo hiyo ziko ng'ambo, katika kisiwa cha Staffa. Nakubali kwamba si ushahidi mbaya. Waliona mawe yanayofanana pande mbili za bahari wakakataa kuamini kwamba ni bahati tu, na kwa hilo walikuwa sahihi: lava yote hiyo ni ya kipindi kimoja cha milipuko, takriban miaka milioni 60 iliyopita.

Nina pingamizi moja kwa Mwanaziwa. Usitoe kanuni kwamba maziwa hayachongi. Bonde la Ol Njorowa ndani ya mbuga hiyo lilichimbwa na maji ya Ziwa Naivasha la kale, ambalo lilikuwa kubwa na la juu zaidi, likafurika kusini na kukata njia kwenye mwamba. Hapo ni mkondo uliochonga, si mawimbi, lakini ulitoka ziwani. Wanaokwenda huko wasiingie bondeni mawingu yakiwa mazito hata kwa mbali. Mafuriko ya ghafla yameua watu mwaka 2012 na tena mwaka 2019.

Fundi Kokoto, Bunyore

Mimi si msomi wa mawe, ila ndiyo kazi yangu, na naomba niseme ninachokiona kila siku. Aliyesema kwamba jiwe huoza kutoka nje kwenda ndani amesema kweli. Jiwe la Bunyore ukiligonga mara ya kwanza hutoa ganda laini, la rangi ya kutu, linalovunjika kuwa mchanga mkononi. Ndani yake kuna moyo wa kijivu ambao nyundo hudunda. Ganda hilo wanunuzi hawalitaki. Ukichimba kando ya jiwe utakuta mchanga huo huo umekaa ardhini ukiwa bado na sura ya jiwe, hata mistari yake inaonekana, lakini jembe linapita bila shida. Hayo ndiyo mawe yaliyokwisha kuoza kabla hayajatoka nje.

Jiwe kubwa hatulivunji kwa nguvu. Tunawasha moto juu yake, kuni au tairi kuukuu, mpaka uso wake uvimbe na kuachana na moyo. Ukisikiliza utausikia ukilia. Kisha nyundo kubwa inafuata ufa. Fundi mzuri huzijua nyufa kabla ya kuwasha moto, na asiyezijua huchoma kuni bure.

Nasema haya nikijua kwamba baadhi yenu mtanilaumu, kwa sababu mawe mnayoyapenda ndiyo tunayoyageuza kokoto za kujengea nyumba zenu. Yapo mawe ambayo hatuyagusi, yale ambayo wazee wamesema yana mambo yake, na yale wanayoyatumia watu wa maombi. Jiwe lisilo na kisa halina wa kulitetea. Likiwa shambani mwa mtu anayehitaji karo ya shule, litaisha.

Mwanaziwa

Fundi, sikulaumu, na maelezo yako juu ya mchanga wenye sura ya jiwe ni ushahidi bora kuliko wowote nilioutoa mimi. Hapo mtu anaona kwa macho yake jiwe likiviringika ardhini, bila ziwa, bila wimbi. Natamani kila mwongozaji wa Kit Mikayi apelekwe kwanza kwenye machimbo ya Bunyore.

Kwa Mpanda Miamba: pingamizi lako nalichukua kama lilivyo, na linaungana vizuri na la ndugu wa Mwanza. Ninachokipinga ni mawimbi ya Seme tu.

Yeyote anayetaka kuona mawe ambayo kweli yamepangwa na mikono aende Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, ambayo iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018. Kuta zake zina kimo cha kati ya mita 1.5 na 4.5, zimejengwa bila saruji wala udongo wa kushikiza, na zinadhaniwa kuwa za karne ya 16. Ukisimama mbele yake baada ya kutoka Kit Mikayi utatambua tofauti mara moja. Ukutani mawe madogo yamesukumwa kati ya makubwa ili kuyakaza, na kila jiwe limechaguliwa ili likae vizuri na jirani yake. Kit Mikayi hakuna kabari, na nyufa za jiwe la juu huendelea moja kwa moja katika jiwe la chini, kwa sababu yalikuwa mwamba mmoja.

Na anayetaka ufuo wenye miamba na visa kwa pamoja aende Mfangano. Kisiwa hicho na Rusinga ni mabaki ya volkano ya kale ya Kisingiri. Ndiyo maana majivu yake yalihifadhi mifupa mingi, pamoja na fuvu la nyani wa kale Proconsul ambalo Mary Leakey alilipata Rusinga mwaka 1948. Katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miduara ya rangi nyekundu na nyeupe, ambayo hudhaniwa kuwa kazi ya wawindaji wa jamii ya Watwa walioishi huko kabla ya Abasuba, wenyeji wa sasa wa kisiwa hicho, na wazee wa Abasuba waliihusisha na mvua. Michoro ya aina hiyo iko pia Kakapel, upande wa Teso katika Kaunti ya Busia, chini ya kivuli cha granaiti. Nimeona kwamba wachoraji hao walichagua mahali ambapo mwamba umejikunja ukafanya paa. Walijua mvua itapiga wapi na haitapiga wapi, na ndiyo sababu michoro bado ipo.

Mpanda Miamba, Nakuru

Nikitoka Kisumu bila gari, nafikaje Mfangano, na je, naruhusiwa kuingia mapangoni peke yangu?

Mwanaziwa

Panda matatu hadi Luanda Kotieno, uvuke kwa feri hadi Mbita, kisha uchukue boti ya abiria kwenda Sena. Vuka asubuhi, kwa kuwa alasiri upepo huamka na boti hurushwa; vaa boya la kuokolea hata kama wengine hawajavaa. Mapangoni usiende peke yako. Pitia Makumbusho ya Amani ya Jamii ya Abasuba upewe mtu wa kukuongoza, kwa sababu mashamba ya njiani yana wenyewe, na Kwitone bado ni mahali pa heshima kwa wazee. Michoro usiiguse wala kuimwagia maji ili ing'ae kwenye picha. Ukikuta watu wanasali, kaa kando mpaka wamalize, na hilo nalisema pia kwa wanaokwenda Kit Mikayi siku ya Jumapili.